Maziwa Aliyonyweshwa Ndugu Yangu

Panya walikuwa wametumaliza. Huko nyumbani, kijijini Kola, walitoboa magunia ya mahindi hadi mama akachoka, akanunua dawa ya panya sokoni, akaipaka kwenye kipande cha chapati na kukiacha stoo. Ndugu yangu mdogo alitoka shambani na njaa zake, akaingia stoo kurudisha jembe, akakila.

Mama alipogundua, alifanya jambo ambalo kila mtu kwetu angefanya. Alimnywesha maziwa, kikombe baada ya kikombe. Kwetu maziwa ndiyo dawa ya sumu, na ole wako ukibisha. Majirani walimsifu. Mimi, fundi wa kushona mjini Machakos, niliwapokea hospitalini walipomleta, nikamsifu pia.

Siku ya pili kutapika kulikoma. Ndugu yangu aliketi kitandani akiukejeli uji wa wodi, akidai aachiliwe akapande kabla mvua haijakatika. Nilicheka, nikaanza kukunja nguo zake. Daktari akanizuia. Sumu hii, alisema, hutulia kidogo ndipo ilishike ini, na haina dawa ya kuifuta. Wangemtundikia maji, wamdunge sindano za kusaidia damu kuganda, kisha wangoje ini lijitetee. Akauliza kama alipewa chochote nyumbani. Nilimtajia maziwa, tena kwa fahari. Akanieleza kwamba sumu ya aina hiyo hupenda mafuta, na maziwa huisaidia kupenya mwilini.

Nilimchukia yule daktari, ingawa hakuwa na kosa lolote.

Macho ya ndugu yangu yaligeuka manjano. Fizi zikatoka damu, akawa ananiita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa zamani. Jumapili akatuacha.

Siku hizi majirani nawaambia wazi: achaneni na maziwa, kimbieni hospitali. Kwa mama ulimi uligoma. Habari ya chapati aliijua, na hakuna ambaye angemwondolea mzigo huo. Jioni ya mazishi nilimkuta jikoni peke yake, hajatia kitu mdomoni tangu msiba uanze.

“Ile maziwa nilimpatia,” akaniuliza, “ilimsaidia, ama?”

“Ilimsaidia, mwaitu. Bila hiyo hangefika Jumapili.”

Akaivuta sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yaliyokuwa yamepoa, akala.