Primu ya Kinga na Mzigo wa Mama Mkwe

Ipo asubuhi moja ya mvua ambayo nikiikumbuka hata leo, mjukuu wangu, shingo yangu huinama yenyewe. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, nikifanya kazi katika kiwanda cha pamba pale mjini Baraka, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa mtu wa haya nyingi. Nikiulizwa jambo mbele za watu, jibu lilinijia watu wakiisha kwenda zao. Hata maneno haya nayaandika polepole, kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la tano, lakini afadhali uyapate kwangu mwenyewe.

Kwetu kulikuwa ng'ambo ya mto Mutambala, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Wakati wa mvua tulichelewa sana, mashine zikabaki zikitungoja. Mzungu wa kiwanda akatafuta dawa. Alitangaza kwamba mfanyakazi atakayekuja kwa baisikeli, ambayo sisi tuliiita kinga, naye asichelewe kengele hata siku moja kwa mwezi mzima, atapewa primu, yaani nyongeza juu ya mshahara wake. Ukichelewa mara moja tu, primu ya mwezi ule imekwenda.

Usidhani nailaumu primu ile. Ilisaidia wengi. Mimi niliuza pamba ya misimu miwili, yangu na ya mama yangu, nikanunua kinga iliyokwisha tumiwa, na sababu yangu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimemposa Atosha, binti wa Mzee Wilondja. Mbuzi wawili wa mahari walikuwa wamepokelewa. Alibaki wa tatu, yule anayefungua siku ya arusi, na primu ya mwezi mmoja ingemtosha.

Siku ya mwisho ya mwezi ule nilitoka nyumbani baada ya mvua kubwa. Njia yote ilikuwa tope. Mara mbili nilishuka nikasukuma, na jua lilikuwa likinipita. Nilipokwisha vuka mto nikaona mama mmoja amesimama kando ya njia, mikono kiunoni, kitunga cha mihogo kiko chini karibu naye.

Wewe uliyezoea magari huenda hujui maana yake. Kitunga kilichojaa hubebwa mgongoni, kamba yake ikipita juu ya paji la uso, na mtu hawezi kujitwika peke yake. Akikitua apumzike, inambidi angoje mpita njia amwinulie. Na mpita njia hakuulizwa kama ana nafasi. Awe mgeni, awe karani, alisimama akamtwika, kisha akaenda zake. Ndivyo tulivyoishi.

Mama yule alikuwa mama yake Atosha.

Sasa sikiliza vizuri. Kwetu, posa ikishapokelewa, kijana na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaitani. Kwa hiyo hakuweza kuniita. Aligeuza uso wake upande wa majani, akasimama vile vile. Nami nikageuza wangu upande wa pili, nikakanyaga pedali. Nilijiambia kwamba namheshimu. Nilijiambia kwamba kama ana shida angekohoa, na kwamba atapita mwingine. Mwanangu, hakuna uongo mtamu kama ule unaovaa nguo ya adabu.

Nilifika kengele ikilia. Primu nikaipata, nikanunua mbuzi jike mzuri, mwenye madoa, na baada ya siku chache nikampeleka pamoja na mjomba wangu Asende, aliyekuwa msemaji wangu katika mambo ya mahari.

Mzee Wilondja alitukaribisha, akatupa viti. Lakini mjomba alipomnyoshea kamba ya mbuzi, hakuipokea. Alieleza bila hasira kwamba siku ile ya mvua mkewe, mimi nilipokwisha kumpita, alingoja njiani mpaka jua likawa juu, na watu wengine walikuwa wamejifungia majumbani. Mwishowe akajaribu kujitwika mwenyewe, kitunga kikamvuta, mgongo ukateguka. Tangu siku ile alikuwa analala ndani, akigeuzwa na binti yake. Kisha Mzee akamwambia mjomba, si mimi:

"Asende, ndugu yangu, huyu mbuzi ametoka kwa mugongo ya bibi yangu. Mi siwezi kumukula. Mumurudishe."

Ndani ya nyumba nilisikia Atosha akilia. Tukaondoka na mbuzi wetu.

Tukatembea mpaka tukakaribia mto. Hapo nikaanza kujitetea. Nilimwambia kwamba yule ni mukwe, ningemkaribiaje? Mjomba akasimama katikati ya njia.

"Mukwe hatazamwi uso," akasema. "Muzigo wake unatazamwa. Sema kweli, we ulikuwa unaogopa uso, ao ulikuwa unaogopa kengele?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu jibu lilikuja upesi. "Kengele, mjomba."

Nilidhani atanipiga. Yeye alicheka kidogo, akaniwekea mkono begani. "Basi dawa iko. Mwenye kujua kile alikuwa anaogopa, ule atapona." Akanieleza la kufanya, na halikuwa la maneno.

Mama mkwe alikuwa na desturi ya kupeleka mihogo sokoni Baraka mara moja kwa juma. Niliposikia ameanza kutembea, nikaenda siku ya soko mapema mpaka pale kijia chao kinapoingia njia kubwa. Niliegemeza kinga kwenye mti, nikasogea hatua chache, nikatoa mgongo, yaani nikageukia mbali ili mama mkwe aweke mzigo wake juu ya kinga bila kuonana nami. Hakuna aliyekuja. Nilichelewa kazini bure, primu ikaenda. Juma la pili vile vile. Karani wa mlangoni akaniuliza kama kinga yangu imeugua.

Juma la tatu nilisikia hatua nyuma yangu. Atosha na mama yake walikuwa wanafunga kitunga juu ya kinga. Sikugeuka mpaka Atosha alipopiga kofi kwenye kiti cha kinga kunijulisha kwamba tayari. Nikasukuma, mama akanifuata kwa mbali. Tukaenda hivyo hata tukafika kwenye daraja la magogo la kijito kimoja kabla ya Baraka, na hapo kitunga kikaanza kuinama upande. Ndipo nikasikia sauti yake. Hakusema nami. Alisema na kinga.

"We kinga, ambia ule mwenye kukusukuma akaze kamba. Mihogo yangu haijue kuogelea."

Nikajibu bila kugeuka. "Kinga, mwambie mama ndiyo."

Kisha akaongeza, taratibu: "Mwambie tena, mugongo imepona."

Nilikaza kamba, tukavuka. Kiwandani nilifika kengele imekwisha lia zamani, na karani akacheka mbele ya wote: "We iko na kinga, na unaifanya punda?" Wakaniita Punda ya Mukwe. Nami nikacheka, ingawa kama kawaida yangu nilichelewa kidogo. Nilisukuma mihogo ile kila juma mpaka wakati wa mavuno, na primu sikuiona tena. Ndipo Mzee Wilondja akatuma neno kwamba mbuzi aletwe. Atosha ndiye huyo mke wangu, bibi yako aliyekupikia jana.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Wakikupa zawadi kwa kuwahi kazini, ipokee, maana mtoto hashibi maneno. Lakini ujue kwamba anayetoa zawadi hupima kitu kimoja tu. Mzungu wa kiwanda alipima gurudumu na kengele, na wala si kosa lake kwamba hakuona kando ya njia. Wewe unayepita ndiye mwenye macho ya kuona. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa kuwa aliye mbali hauoni uzito wake. Shuka, uushike kwanza. Na ukiwa mtu wa haya kama mimi, usiifanye haya yako kuwa kichaka cha kujificha. Mtu wa haya anaweza kutoa mgongo na bado akasaidia.

Mungu akutangulie kila asubuhi unapotoka. Akupe kazi isiyokutenga na watu wako, akupe wakwe wenye subira, na jioni akurudishe nyumbani na jina linalozidi mshahara wako.