Bakuli Nililolirudisha Tupu

Utotoni niliwahi kukaa siku tatu nzima nikiitazama mikono yangu, nikisubiri ivimbe. Nilikuwa na miaka tisa. Niliitazama darasani, niliitazama nikila, na nikitumwa maji niliishika ndoo kwa woga, nikijua muda wowote vidole vitaanza kuumuka. Haikuvimba. Na kwa kuwa haikuvimba nikajiona nimepona, na hapo ndipo ujinga wangu mkubwa ulipoanzia.

Tulikuwa tunakaa Ibighi, hapo hapo Tukuyu mjini, ingawa siku hizo mji wenyewe ulikuwa nyumba mbili, migomba, nyumba tatu, migomba tena. Nyumbani tulikuwa mimi, mdogo wangu Lusajo, na Bibi aliyemzaa mama yangu. Baba alikuwa kiwanda cha chai, tunamwona mwisho wa mwezi. Mama mwaka huo alilazwa hospitali wiki nyingi. Sisi watoto tuliambiwa ni tumbo tu, na tukiuliza zaidi tunatumwa kuokota kuni.

Ng'ambo ya kijito, ukivuka daraja la magogo, alikaa Mama Zaina. Walikuwa watu wa kuja, Waislamu, mume ana kigenge cha vitambaa na mke anapika chapati na maandazi ya kuuza asubuhi. Walipofika hawakujua mtu, na Bibi ndiye aliyewapokea. Alimwonyesha Mama Zaina wapi kuna udongo mzuri wa mboga, mvua ya kwetu inavyodanganya, nani wa kumsalimia kwanza na kwa namna gani. Mama Zaina akawa anamwita Bibi "mama yangu wa hapa," na Bibi anamwita "mwanangu," japo Kiswahili cha Bibi kilikuwa nusu Kinyakyusa na Kinyakyusa cha Mama Zaina kilikuwa "ndaga," yaani ahsante, peke yake, basi.

Mama alipolazwa, huyo mwanamke alitubeba. Sina neno jingine. Kila asubuhi, kabla hajauza hata andazi moja, alituletea uji wa mchele wenye iliki katika bakuli la bati lenye maua ya bluu. Alikuwa anafua nguo za Lusajo. Siku moja mvua ilipotia maji jikoni kwetu alikuja na jembe, kanga kaifunga kiunoni, akachimba mfereji huku Bibi anamkataza na yeye anacheka.

Na kila siku bakuli lile lilirudi na kitu. Maparachichi, maharage mabichi, mayai mawili, majani ya maboga. Bibi hakuwa na mzaha na hilo. Alikuwa akinikabidhi ananishika kidevu: "Atupele, chombo cha mtu hakivuki daraja kitupu. Ukikipeleka kitupu unamfungia riziki yake, na mikono iliyokibeba inavimba." Mimi niliamini kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza. Sikujua kwamba hayo ni maneno ya watoto, na watu wazima walikuwa na maneno yao juu ya jambo hilo hilo.

Sasa ikatokea mbuzi wa Mama Zaina akakata kamba, akaingia kwenye maharage ya Bibi, akayafyeka yote. Mama Zaina alikuja kuomba radhi hadi machozi yakamtoka. Bibi akamwambia, "Mbuzi hajasoma shule, mwanangu, tutafanyaje?" Yakaisha. Ila maharage ndiyo yalikuwa tegemeo la bakuli, na mayai nayo yalikuwa yamekatika, kuku wote wanaatamia. Asubuhi ya siku ya tatu baada ya mbuzi, Bibi aliteremka bondeni kwenye mvua, na goti lake lile bovu, akachimba magimbi. Aliyachemsha, akayamenya, akachagua yaliyo meupe tupu bila doa. Yale yenye mabaka tukala sisi. Akayapanga kwenye bakuli la maua ya bluu, akafunika kwa jani la mgomba.

"Mwambie nimekosa kingine," alisema. "Mwambie haya ni ya moyo."

Nikaondoka nayo. Njia ya darajani ilipita bombani, na bombani siku hiyo walikuwapo wasichana wawili wa darasa la sita wakisubiri maji. Mmoja akafunua jani bila hata kuniomba.

"Haa! Magimbi? Unawapelekea wenye kigenge magimbi?"

"Wenzako wanakunywa chai na chapati," mwenzake akadakia, "wewe unawapelekea chakula cha nguruwe!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Jamani, aibu ya mtoto ni kitu kibaya. Masikio yaliniwaka moto. Nilimwona Bibi na goti lake, nikamwona na gauni lake lililofifia, nikaona nyumba yetu yote imewekwa ndani ya lile bakuli na watu wanaicheka. Nilipofika darajani niliangalia nyuma, nikaangalia mbele, nikayamwaga yote kijitoni. Yalielea kidogo, meupe, halafu maji yakayachukua. Kisha, kwa adabu zangu zote za nyumbani, nikainama nikalisuuza bakuli likang'aa.

Mama Zaina alilipokea kwa mikono miwili, kama siku zote. Akalitazama ndani. Akalitazama tena.

"Bibi yako amesema nini?"

"Amesema ahsante."

"Ahsante tu?"

"Ndiyo."

Nakumbuka unga ulikuwa umemganda mpaka kwenye viwiko. "Haya," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mwambie nimepokea."

Nyumbani Bibi alikuwa ananisubiri mlangoni. "Amefurahi?"

"Amefurahi sana, Bibi. Amesema ndaga fijo."

Bibi akacheka, akapiga makofi mara moja. Alifurahi kweli. Uongo ule nilioutoa bila hata kukohoa ndio ninaoukumbuka kuliko hata magimbi yenyewe.

Kesho yake uji haukuja. Bibi akasema labda mwenzetu anaumwa, akanituma kuchungulia, nikakuta Mama Zaina mzima anakaanga maandazi. Aliniitikia shikamoo yangu, hakuongeza neno. Siku ya pili haukuja. Siku ya tatu Bibi aliketi na uso kuelekea darajani, akikoroga uji wetu wa mahindi, akasema taratibu, si kwangu, ni kwake mwenyewe: "Magimbi yale yamemchosha. Ameona sisi ni watu wa magimbi."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikakumbuka fimbo ya mkuyati iliyokuwa juu ya dari, nikaufunga. Nikatazama mikono yangu, mizima, nikajiambia Bibi alikuwa anatutisha tu.

Hawakugombana. Ningependa wangegombana, maana watu wakitukanana mtu wa tatu huingilia kati yakasemwa. Wale walisalimiana kwa heshima, kila mmoja upande wake wa kijito, na Bibi akaacha kumwita mwanangu. Mama alirudi kutoka hospitali amepona, akakuta ubaridi, akauliza, Bibi akamjibu, "Watu hubadilika." Miaka miwili baadaye Mama Zaina na mumewe walihamia Msasani, si ile ya Dar es Salaam, ni mtaa wa hapo hapo Tukuyu. Vyombo vyao vilitolewa asubuhi kweupe na Bibi hakuvuka kwenda kusaidia hata kubeba kigoda. Alishinda siku ile shambani, na jioni hakula.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Kwetu msiba ni jambo la kila mtu, asiyekuja anatajwa. Wanawake walikaa kwenye majani ya migomba uani wakahesabu waliofika, na mmoja akasema, "Hata yule Mwislamu, aliyefundishwa na marehemu kuishi hapa, hakuja? Kweli binadamu hana fadhila." Nilikuwa nimebeba sufuria ya maji. Nilipita katikati yao nimeinamisha kichwa, na sikusema.

Nimezeeka na siri hii. Naishi Mbeya, ninashona nguo, nina watoto watatu. Majuzi tu, Mama alipokuja kututembelea, binti yangu mdogo alikuwa anarudisha sahani kwa jirani. Mama akamkamata mlangoni: "Weee! Unairudisha tupu? Unataka kuwaambia tumemalizana?"

Nikasimamisha cherehani. "Kumalizana vipi, Mama?"

"Kwani hujui? Nyie watoto mlitishwa na kuvimba mikono. Kwa watu wazima, chombo kikirudi kitupu, tena kimeoshwa, ni kumwambia mwenzio basi, tusijuane. Bibi yako ndivyo alivyokuwa akiwafundisha wageni wote."

Wageni wote. Kwa hiyo Mama Zaina aliisoma barua niliyompelekea, na aliyemfundisha kuisoma ni Bibi mwenyewe. Nilimweleza Mama yote pale pale, cherehani kikiwa na nguo ya mtu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda Msasani kabla na huyo hajaondoka."

Jumamosi iliyofuata niliteremka Tukuyu pamoja na Mama, naye akirudi kwake Ibighi. Niliingia bondeni mwenyewe, nikachimba magimbi, nikayachemsha, nikayachagua kama alivyoyachagua Bibi. Nilimkuta Mama Zaina amekaa kwenye mkeka kibarazani kwa mwanawe, macho yamefifia, anapembua mchele kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nilipotaja jina la Bibi vidole vilisimama. Nikaweka bakuli langu la magimbi mbele yake, nikapiga magoti, nikasema. Bomba, wasichana, daraja, kijito. Nilisema na kwamba nililisuuza.

Niliogopa kumtazama.

"Alichimba mwenyewe?" aliuliza. "Na lile goti?"

"Mwenyewe, Mama. Kwenye mvua. Alisema nikwambie amekosa kingine. Alisema ni ya moyo."

"Mimi nikajua ni mbuzi." Sauti yake ilianza kukatika. "Miaka yote hii najiambia ni mbuzi wangu. Kwamba alinichekea usoni akasema yamekwisha, halafu moyoni hakumaliza. Siku ya kumzika nilivaa. Nilifika mpaka kona ya kanisa, nikaona watu, nikasema, nikifukuzwa mbele ya hawa nitaiweka wapi sura yangu? Nikarudi. Mama yangu wa hapa, nikamwacha akazikwa na watu wengine."

Akalia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila kelele, anajifuta kwa ncha ya mtandio. Nilimwomba radhi mara sijui ngapi. Sikupata lile nililolifuata, hakusema amenisamehe. Alisema neno moja tu: "Ungesema."

Kisha akanyoosha mkono akachukua gimbi, akaomba chumvi. Alikula taratibu mpaka likaisha, akachukua la pili. Alipomaliza akaita ndani aletewe kitu, na mjukuu wake akatoka na bakuli la bati lenye maua ya bluu, limebanduka rangi ukingoni. Akalijaza mchele aliokuwa akiupembua, akanikabidhi.

"Hili mpelekee bibi yako."

"Mama, Bibi hayu..."

"Najua hayupo. Lipeleke nyumbani kwake." Akaniangalia kwa yale macho yake yaliyofifia. "Na usipite bombani."

Sijui kama ulikuwa utani. Nilikwenda kwa miguu toka Msasani hadi Ibighi nikilishika kwa mikono miwili, bodaboda wananiita nawakatalia. Nikawaza njia nzima. Yule mwanamke alitufulia, alitulisha, alituchimbia mfereji, na hakutaka malipo yoyote. Alichotaka ni kujua kwamba tumeona. Bibi alikuwa amemwambia kila siku, kwa mayai, kwa maboga, mwisho kwa magimbi. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Wameishi nalo, Bibi akafa nalo, mmoja akidhani amedharauliwa, mwingine akidhani amefukuzwa, na wote wawili walikuwa wanapendana. Mikono yangu haikuvimba, ni kweli. Ningetoa chochote ingekuwa imevimba, siku ile ile, Bibi akaiona akaniuliza nimefanya nini.

Bomba siku hizi halipo. Pamebaki kipande cha saruji kimeota majani. Hata hivyo nilizunguka, nikapita juu.

Mama alikuwa mlangoni, mahali pale pale alipokuwa akisimama mama yake. Alilitambua bakuli kabla sijafika. Alilipokea, akaingiza vidole kwenye mchele, akaniangalia.

"Amefurahi?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Amelia."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaumimina mchele kwenye ungo, akalifuta bakuli kwa kanga yake, akaingia nalo jikoni kutafuta cha kutia ndani.