Hirizi Iliyoshonwa Vizuri Mno

Kosa langu la kwanza katika uchawi lilikuwa kushona vizuri mno.

Nalikumbuka kila ninapochoma ncha ya uzi wa nailoni ili usifumuke. Harufu kali ya uzi unaoyeyuka hunirudisha Masumbwe, nyuma ya jiko la mama, niko darasa la tano, nimeshika sindano na kipande cha mkaa wa moto, naogopa. Nilikuwa mtoto wa kuogopa. Niliogopa kukosea hesabu, niliogopa mstari uliopinda kwenye daftari, na mwaka ule niliogopa kwamba baba hatarudi.

Baba alikuwa Rwamgasa, duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aliondoka mahindi yakiwa yanapaliliwa. Tukavuna, tukala, tukapanda tena, hajaonekana. Simu yake haikupatikana. Mama aliacha kumwekea chakula pembeni. Nilipoliona hilo, nikaamua kutengeneza dawa ya kumrudisha.

Sikuwa na mwalimu, na nisingethubutu kumtafuta. Nilifikiri tu kwamba ukitaka mtu arudi, utumie vitu vinavyorudi. Nikafungua daftari nikaviorodhesha. Njiwa nilimwandika nikamfuta, maana nilishaona mwewe akiondoka na mmoja. Mbwa pia nilimfuta kwa sababu wetu alifuata ng'ombe mnadani akapotelea hukohuko. Sarafu sikuifikiria hata kidogo. Kwetu haikuwahi kurudi. Mwisho nikabaki na kokoto ya reli niliyoiokota Isaka tulipokwenda msibani, kwa kuwa treni huenda na kurudi. Na nyuzi za jezi nyekundu ya baba, ili dawa imjue mwenyewe. Na unyoya wa kidimu wa Bibi Nyamizi.

Kidimu ni kuku mwenye manyoya yaliyojikunja, na mtaani kwetu alikuwa naye bibi huyo peke yake. Alikuwa jirani yetu, mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Kuku yule alimuuza gulioni mara mbili, na mara mbili kuku alirudi kwa miguu yake kabla bibi hajamaliza kununua chumvi. Mimi sikuona kiumbe kingine chenye sifa kama hizo.

Kitambaa nilichagua cha mwavuli mbovu, cheusi, kwa sababu hakipitishi maji na nilitaka dawa idumu hadi masika. Nilishona kwa zile nyuzi za jezi, nikafumua, nikashona tena, mara sita, mpaka mishono ikalingana yote. Daftari nikalichoma, maana lilijaa makosa. Hirizi nikaifukia kizingitini, mahali ambapo baba lazima akanyage akiingia.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu Holo akashikwa na homa, na Jumamosi asubuhi kuku wakaifukua hirizi.

Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta baba mdogo Shija uani pamoja na wanaume wawili. Hirizi ilikuwa juu ya kigoda na hakuna aliyeigusa: nyeusi, nyekundu, unyoya wa kidimu umechomoza. Baba mdogo alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga kazi ya shamba, kwamba mtoto anaumwa, dawa iliyomroga ni hii, na mwenye kuku anajulikana. Jioni angewakusanya wenzake waende kwa huyo kikongwe. Ng'ambo ya uzio wa minyaa nilimwona Bibi Nyamizi akifunga nguo zake kwenye khanga. Nilidhani anasafiri.

"Ni yangu," nikasema.

Baba mdogo aliigeuza kwa kijiti. "Hii? Hata fundi wa gulioni hashoni hivi. Nani kakufundisha?"

Nikajibu kwamba hakuna. Hapo nikaharibu zaidi, kwani aliwageukia wenzake akasema kikongwe sasa ameanza kufundisha watoto.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, Holo mgongoni. Aliingia ndani akatoka na sindano, jezi ya baba na kilichobaki cha mwavuli, akaviweka mkekani mbele yao.

"Shona, Masanja," akasema. "Shona wakuone."

Nikashona. Jasho likaingia machoni. Mshono wa nne ukaenda upande. Nilijua kwamba ningeweza kuuacha, kwamba siku ile hakuna aliyetaka uzuri, lakini sikuweza. Nikaufumua nikaanza upya. Mmoja wa wale wanaume akacheka puani.

"Shija, twende zetu," akasema. "Mwenye kazi ndiye huyu."

Bibi Nyamizi alikuwa amesogea kwenye uzio. "Kumbe ni wewe unayemnyonyoa kuku wangu? Mimi wiki nzima nampaka mafuta ya taa, najua ana viroboto."

Baba mdogo hakucheka. Aliniuliza dawa ilikuwa ya nini, nikamwambia ya baba arudi. Akatazama ile jezi ya kaka yake kwa muda, kisha akaondoka bila kuaga. Mama alimpeleka Holo zahanati asubuhi ileile. Ilikuwa malaria, akapona. Baba alirudi masika, duara lilipojaa maji. Kizingitini hapakuwa na kitu.

Mchana wa Jumamosi ile Bibi Nyamizi aliifungua khanga yake mbele yangu, akaanika nguo zote uani ingawa zilikuwa kavu. Niliona ni jambo la ajabu. Nilikuwa sekondari nilipokumbuka kwamba alipokuwa akizifunga, sufuria yake ilikuwa bado motoni na hakuna aliyeiangalia. Hakuwa anasafiri, alikuwa anakimbia asiuawe. Nilikaa kitandani bwenini nikahesabu saa zilizokuwa zimebaki kufika jioni ile.

Siku hizi nashona mikoba ya ngozi, kazi niliyojifundisha mwenyewe, na bado nafumua mishono ambayo mteja asingeiona. Ila kila ninachokishona sasa nakiandika jina langu kwa ndani.