Nyoka wa Vichwa Viwili Uani kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto kwetu Bukombe, tulimwogopa nyoka mmoja kuliko hata chatu: yule mdogo wa ardhini, mweusi wa kung'aa, asiyejulikana kichwa wala mkia. Tulisema ana vichwa viwili. Siku hizi najua kichwa chake ni kimoja, ni kipofu, hana sumu, na chakula chake ni mchwa. Lakini nani angetuambia wakati ule?

Bibi, mama yake baba, alimfukua asubuhi moja baada ya mvua, akipalilia karanga nyuma ya nyumba. Akatupa jembe, akapiga yowe. Baba akatoka mbio. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, na wachimbaji wenzake waliamini nyoka huyo hulala juu ya mali. Bibi naye alikuwa na imani yake.

"Ng'wanone," alimwita kwa Kisukuma, mwanangu, "huyu ndiye mwenye mji. Ukimchimbua, hutatulia popote."

"Mama, riziki imekuja yenyewe mlangoni!"

"Riziki gani? Mwache arudi zake!"

Nyoka mwenyewe alishazama udongoni. Baba hakusikia la mtu. Akafukua karanga zote, akaingia jikoni, akapita chini ya ukuta wa chumba cha bibi. Nilichungulia shimoni, na moyoni naomba dhahabu itoke ili baba ale, alale. Wapi! Kilichotoka ni udongo mwekundu na mchwa. Ukuta ukapasuka. Bibi akahamia kulala na sisi watoto, na baba, kwa aibu nadhani, akafunga sururu kwenye baiskeli akaenda machimboni Nyarugusu. Alisema atarudi karanga zikikomaa. Karanga zipi sasa?

Hakurudi kukaa. Kila afikapo, anasikia mali iko kwingine. Bibi alikufa akimuulizia, na mimi kwa miaka mingi nikamchukia yule nyoka, mpaka nilipojua kwamba hana mji maalumu: kutoka pwani hadi ziwani, penye udongo laini na mchwa, yupo. Masikini baba! Kama ni kumfuata huyo, itabidi aichimbe nchi nzima, na ndicho anachofanya.

Juzi amepiga simu kutoka machimbo ya Chunya, anakohoa. "Kabula, nimemwona! Yuko huku!"

Nilitaka kumweleza habari za mchwa, nikaghairi. Mzee amechoka, nami nimechoka kumngoja.

"Baba, hata hapa uani kwangu yupo," nikasema, na sikumdanganya. Mvua ya jana yake ilikuwa imemtoa.

Nikamsikia anavyohema.

"Alielekea upande gani?"

"Njoo nikuonyeshe."

Akasema atakuja. Amewahi kusema hivyo mara nyingi, lakini safari hii aliuliza basi linashusha wapi. Nimewakataza watoto wasiguse pale mahali. Akija, achimbe. Ukuta ukipasuka na upasuke, mradi jioni aoge, ale, alale kwangu.