Mtani Aliyeletewa Kiti

Mimi naongea sana, sikatai. Na hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili. Lakini aliyemaliza jambo hili si mimi na mdomo wangu. Ni bibi yangu, na wala hakupandisha sauti.

Nilikuwa na rafiki. Yeye Mndengereko wa hapahapa Kibiti. Mimi kwetu Umatumbini, vilimani huko kusini, ingawa nimekulia Kibiti kando ya barabara kuu. Sisi na wao ni watani. Asubuhi akiniona tu: "We popo, umeamka? Jua halikuumizi macho?" Popo, kwa sababu wazee wetu walijificha mapangoni wakati wa Maji Maji. Na mimi namjibu: "Nyamaza, mla kaa, unanuka tope mpaka huku." Basi siku imeanza vizuri.

Ufundi wa baiskeli tulijifunza wenyewe. Unafungua, unachanganyikiwa, unafunga, spoki inabaki chini, unajiuliza imetoka wapi. Tukafungua kibanda. Halafu wakaanza kupita vijana wa Dar na baiskeli zao za giya nyingi, wanauliza huku kwenu kuna nini cha kuona. Nikawaambia kuna vilima. Hiyo njia niliitoa mimi kichwani mwangu, na rafiki yangu akawa mkia, kwa sababu kwenye safari ya baiskeli lazima mmoja aende mbele na mmoja akae nyuma kuokota waliochoka.

Na njia ilikuwa tamu, wallahi. Tunapita Ikwiriri watu wanakunywa chai, tunavuka daraja la mto kabla jua halijawa kali, mbele huko tunaacha lami. Hapo udongo unageuka mwekundu na mlima unaanza kukudai. Mikorosho, mihogo, halafu michungwa, michungwa mpaka basi. Wageni wanashuka wanakokota, wanahema, wanatukana kwa adabu. Ukifika juu kwenye mgongo wa kilima unageuka nyuma, unaliona bonde lote la Rufiji limelala, mto umejikunja humo kama kamba iliyotupwa, na siku ya anga safi unaona kule mwisho mstari mweusi wa mikoko ya delta. Hapo hata mtu wa Dar ananyamaza. Halafu mteremko mrefu, hupigi pedeli hata kidogo, upepo unaingia kwenye shati, watoto wanakimbia pembeni wanakuzomea, na chini kabisa ni kijiji cha bibi yangu. Bibi anawamenyea machungwa. Safari inaishia hapo.

Pango la wazee wetu lilikuwa juu ya kijiji, na halikuwa la wageni.

Bibi alinisimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake, ambaye wakati wa vita alikuwa msichana mdogo. Walikimbilia mle watu wengi, na mbuzi, na vyungu vya mtama. Askari wa Mjerumani walipita chini mara nyingi hawakuona kitu. Mpaka mtu mmoja aliyekuwa anakula na watu wa mle mle alishuka akawaonyesha njia. Wakawasha moto mlangoni. Waliotoka wakikohoa walifungwa kamba. Wengine hawakutoka.

Tangu hapo njia ya pango haifyekwi. Ukienda unavua viatu, unapita ndani ya kijito juu ya mawe, ili majani yasilale na udongo usishike unyayo. Kila mwaka kabla ya kupanda, ukoo unakwenda kusoma dua na kumwaga unga. Na unga haumwagi mtu wa ukoo. Anaumwaga mtani. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Kwenye msiba wetu anatuchekesha, na kwenye pango anatushikia chungu. Kwa hiyo rafiki yangu alipajua pango kwa haki yake. Bibi mwenyewe alimshika mkono akampitisha kijitoni.

Alikuwa hamwamkii bibi shikamoo. Anaingia uani anapiga kelele: "We kikongwe, hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani, mla kaa? Kaa chini hapo, usiniharibie mkeka."

Anakaa chini kwenye vumbi, anakula wali wa bibi yangu kwa mikono yote miwili. Nilimpenda yule jamaa. Mtu akimsema vibaya hapa Kibiti ananikuta mimi kwanza.

Basi mwaka ule mvua zilitangulia kidogo. Nikaenda kwa bibi peke yangu, nimembebea sukari na kaniki mpya. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mume wangu. Twende juu tukapaangalie kabla wenzako hawajaja na dua." Tukavua viatu. Bibi mbele, kanga ameikaza kiunoni, anakanyaga jiwe kwa jiwe kama msichana.

Kijito kinapokata kona tukakuta majani yamelala. Pembeni, kwenye udongo mwekundu, mstari.

"Nyoka huyu?" bibi akauliza.

Nikainama. Mstari wa tairi, na ndani yake, kila baada ya hatua tatu hivi, alama ya mshono. Misalaba midogo midogo imefuatana. Tairi la nyuma la rafiki yangu lilipasuka ubavuni mpaka kwenye meno, hatukuwa na jingine, nikalishona kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia, mshono wa msalaba. Vidole viliniuma wiki nzima. Hapa Kibiti hakuna fundi mwingine anayeshona hivyo. Nyuma ya mstari ule ilikuwepo mistari mingine, mipana, ya baiskeli za wageni.

Ilikuwa siku ile aliyoniambia tumbo linamuuma, hawezi kuja kazini, nibaki mimi peke yangu kibandani.

Mlangoni mwa pango chungu cha unga kilisogezwa, kimewekwa juu ya jiwe, mahali pazuri pa kupigia picha. Maganda ya machungwa chini. Bibi aliyatambua machungwa yake. Akaokota ganda moja moja akalifunga kwenye pindo la kanga.

"Wameonyeshwa tena," akasema.

Nilivyorudi Kibiti siku ile sijui nilipumulia wapi. Nikamkuta kibandani anapiga stori na watu. Nikamshika shati.

"Umewapeleka wageni kwetu!"

"Eee, popo ametoka!" Akacheka. "Jamani niokoeni, popo anang'ata!"

"Sitanii."

"Sasa utanifanya nini, mimi mtani wako? Nikichukua kuku wenu mnacheka. Nikichukua pango mnalia? Cha mtani kinachukuliwa, bwana. Halafu wageni wamechoka na machungwa yako. Kila siku chungwa, chungwa! Wanataka kitu chenye historia."

"Historia? Mle wamekufa watu wa bibi!"

"Ndiyo nimewaambia hivyo hivyo. Mmoja alilia kabisa."

Nikakunja ngumi. Na watu wote pale, wote, walikuwa wanacheka. Mama wa vitumbua akasema, "Waacheni, watani hao." Mzee mmoja akanipiga begani akaniambia nimeigiza vizuri hasira. Wangeniua pale nisingeumia vile. Nilikuwa nalia mbele ya watu na kila mtu anaona mchezo. Na yeye alijua. Alijificha ndani ya utani wetu, na mimi sikuwa na moto wa kuwasha mlangoni.

Nikamwachia shati. Nikamwambia bibi anamwita.

Alikuja. Nitampa haki yake, alikuja, tena amebeba papa mkavu wa kumpa bibi. Alipofika uani akapaza sauti kama kawaida: "We kikongwe, hujafa tu?"

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akajifuta mikono, akasimama.

"Karibu, baba," akasema. "Umeshindaje? Nyumbani hawajambo?" Akanigeukia. "Mlete mgeni kiti."

Nikaenda ndani nikaleta kiti, kile kimoja chenye mgongo, anachokalia shekhe akija. Rafiki yangu akakiangalia. Akajaribu kucheka.

"Bibi, mimi wa kukalia kiti? Mla kaa mimi?"

"Keti, baba. Usisimame juani."

"Nitukane basi."

"Mgeni hatukanwi."

Alikaa. Alikaa kwenye ule ukingo wa kiti, magoti pamoja, papa mapajani. Bibi akamletea maji kwenye glasi, juu ya sahani. Akamuuliza habari za barabara. Akamshukuru kwa samaki. Wakati wa kuondoka akamsindikiza mpaka mwisho wa ua, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia. Pale ndipo jamaa alipopiga magoti akasema, "Shikamoo bibi," kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Marahaba," bibi akasema. "Karibu tena."

Mwaka ule unga ulimwagwa na mtani mwingine, wa kutoka kijiji cha Mkongo, mtu mzima ambaye hana hata baiskeli.

Wageni bado wanakuja. Siku hizi wanauliza pango moja kwa moja, wameliona kwenye simu za wenzao. Nawapandisha mpaka kwenye mgongo wa kilima, nawaonyesha bonde, mto na mikoko. Wakidai pango nageuza baiskeli. Wengine wanakwenda na yule jamaa. Majani ya pale kijitoni hayasimami tena, pamekuwa njia.

Juzi tairi lake lilipasuka tena, ubavu ule ule. Fundi wa kulishona ni mimi tu. Akasimama mbele ya kibanda ameshika gurudumu, akangoja. Nilijua anangoja nini. Anangoja nimwambie ananuka tope. Neno lilinijaa mdomoni mpaka fizi zikauma.

"Karibu, kaka," nikamwambia. "Kuna kiti hapo."

Nikashona. Msalaba kwa msalaba, bila kuharakisha, kazi nzuri. Nikampa mkononi.

"Asante," akasema.

"Asante na wewe," nikamjibu. "Karibu tena."