Goti la Winga Mjerumani

Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikinifikia hata leo, huku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ninakofanya kazi hapa Doha, huwaona wote waliokuwapo siku ile katika chumba cha jezi: Baba, aliyekuwa mtunza vifaa wa klabu ya mpira; Mzee Okello, Mganda aliyefua jezi pamoja naye; winga Mjerumani, kajilaza kwenye benchi; wadogo zangu Tito na Rehema, wamesinzia juu ya lundo la soksi; na mimi, mwenye miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia.

Kazi ya Baba ndiyo iliyotupa kibali cha kukaa hapa Doha, pamoja na nyumba yetu ndogo ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Baba alitusimulia maisha ya Mjerumani kama hadithi za sungura: alivyoanza kwenye timu ya mji wa wachimba makaa, alivyopiga krosi iliyoleta kombe, alivyowaacha mabeki wamekaa chini kama wageni waliokaribishwa. Alifika kwetu akiwa na miaka thelathini na tano na goti lililovimba. Alitaka msimu mmoja zaidi, aage mpira akiwa anakimbia. Kwa hiyo kabla ya kila mechi Baba alimfunga goti kwa siri, ingawa mfua jezi alikatazwa kabisa kumtibu mchezaji.

"Goti hili linalia kama mlango wa choo cha kempu ya vibarua," Mzee Okello alisema. "Bwana, staafu uje tufue."

"Mimi kufua hapana, Mzee," Mjerumani akajibu kwa Kiswahili alichookota kwetu. "Mimi kukimbia."

Tulicheka, hata mimi. Kisha bendeji ikaisha, na kumwomba daktari bendeji nyingine kungekuwa kujifichua. Baba akawafunua Tito na Rehema leso waliyojifunika, akaipasua kwa urefu. Bado nausikia mlio wake.

"Baba! Hiyo ni ya Mama!"

"Mama yako angempa mwenyewe," alisema bila kuniangalia, akamfunga goti na kuivuta soksi juu yake.

Nikabeba kikapu cha taulo nikatoka. Kwenye ukumbi nikakutana na daktari wa klabu, akaniuliza tu kama Baba yupo. Nikamjibu ambalo hakuliuliza: "Mtazame Mjerumani chini ya soksi."

Mjerumani hakuingia uwanjani siku hiyo. Walimshusha soksi mle chumbani mbele ya wakubwa wa klabu, naye akasema kitambaa alikiokota kwenye nguo chafu akajifunga mwenyewe, na kwamba hakuna aliyemsaidia. Hakumtupia Baba jicho hata mara moja. Mkataba wake haukuongezwa. Miaka yake yote ya kukimbia pembeni mwa uwanja iliishia kwenye chumba kile, jezi yake ikiwa kavu. Baba akabaki na kazi yake, nasi tukabaki na nyumba.

Lakini Baba alitaka kujua nani aliyesema. Watoto hakuwafikiria. Akaacha kumsalimia Mzee Okello. Miaka minne walifua bega kwa bega bila neno, nami nikiwapelekea chai, kikombe kimoja kimoja. Baba alipougua, Mzee Okello ndiye aliyekuwa akimlisha uji hospitalini. Baba alikunywa huku amegeukia ukuta, akafa hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tulirudishwa kwetu Kenya, nikaacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kufua nguo za watu, na walipojitegemea nikarudi huku. Kwa miaka mingi niliamini Mjerumani alipoteza mechi tu. Nilipokuwa na wadogo wawili wa kulisha ndipo nikaelewa: alikuwa ameshapoteza msimu wake, na kwa pumzi iliyobaki akadanganya ili atuachie sisi paa.

Yeye sitamfikia tena. Mzee Okello nasikia analinda shamba kule Umm Salal, nje ya mji, macho yamepungua nuru, na bado huuliza kila Mkenya anayepita alimkosea nini rafiki yake. Jibu lake ninalo mimi. Ijumaa ndiyo siku yangu ya mapumziko, na basi la huko lipo. Bado sijaenda.