Mwenye Jiwe wa Njia ya Mau Narok

Mimi naongeza chumvi, sikatai. Lakini hii ya leo nakupa bila chumvi, kama uji wa mgonjwa. Muulize mke wangu Nyambura, alikuwepo, na yeye hajui kudanganya.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikuwa tunatoka hospitali Nakuru, tunarudi shamba la mzungu karibu na Mau Narok. Nyambura amebeba mtoto wetu wa kwanza, Njeri, mdogo kama mkate. Mimi nilikuwa dereva wa trekta, lakini bwana mkubwa alinipa pikapu yake nikalete mtoto. Mtu wa trekta akipewa pikapu anajiona gavana.

Tulipopita Njoro ikaanza mvua ya mawe. Mawe kama mayai ya bata. Sawa, ya kuku. Jioni ilikuwa bado, lakini giza likaingia kama tuko ndani ya gunia. Nikafika pale barabara inateremkia daraja, nikasema hapa tungoje. Nikarudisha gari nyuma mpaka matako yake yakaingia kwa ukingo wa udongo, lori isije ikatugonga. Hendibreki yake ilikuwa inashika ikipenda, kwa hivyo nikatafuta jiwe. Moja ilikuwa pale kando, nzuri, imepakwa rangi nyeupe. Nikaisukuma mbele ya gurudumu.

Siku hizo kila dereva wa lori alikuwa na jiwe yake ya kuzuia gurudumu. Anaipaka rangi, anasafiri nayo kama mke. Mimi wa trekta ningejuaje?

Baridi ilikuwa kali, nikaacha injini iwake mtoto apate joto. Madirisha nikafunga kabisa. Ikawa raha.

"Baba Njeri, kichwa kinaniuma," Nyambura akasema.

"Ni uchovu. Lala."

Akalala. Mtoto naye akanyamaza. Macho yangu yakawa mazito kama magunia ya ngano.

Halafu mtu akagonga kioo. Mwanamume, koti refu. Mvua ile yote, na koti kavu.

"Dereva, nataka jiwe yangu."

"Ngoja mvua iishe, mzee."

"Naitaka sasa."

"Mau yote imejaa mawe, na wewe umeona hii tu?"

"Hiyo ni yangu."

Niamini, mkono ulikuwa hautaki kuinuka. Lakini mimi siwezi kuachia mtu neno la mwisho. Nikashusha kioo nimtukane vizuri. Hewa baridi ikanipiga kama kofi. Yeye akainama, akachukua jiwe.

Gari ikateleza mbele. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nikazima injini, nikafungua mlango, nikaangukia matope. Kule nyuma, pale matako ya gari yalikuwa, nikaona shimo ya paipu ya moshi kwa udongo. Ilikuwa imezama. Moshi ulikosa njia, ukarudi chini ya sakafu, ukatuingilia sisi.

Nikawavuta wote wawili nje kwa mvua. Nyambura akakohoa. Njeri alikaa kimya muda mrefu kuliko umri wangu wote. Halafu akalia.

Na yule mtu? Barabara ilikuwa nyeupe pande zote kwa mawe ya mvua, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Baadaye nilimsimulia mama mmoja anayeuzia madereva chai Njoro. Akaweka birika chini.

"Koti refu?"

"Refu."

"Huyo dereva wa lori alingojea mvua iishe pale pale, injini inawaka, amefunga madirisha. Walimpata asubuhi. Wenzake waliacha jiwe yake hapo, na hakuna dereva anaigusa."

Nilipopita tena, jiwe ilikuwa mahali pake, na alama ya tairi yangu juu yake.

Njeri sasa ana watoto wake. Gari ikisimama na injini inawaka, yeye anashuka, hata kama kunanyesha. Ukimuuliza kwa nini, anasema hajui.

Mama yangu alikuwa anasema huu mdomo utaniua. Nafikiria sana hiyo maneno. Ningekuwa mtu mpole, si ningenyamaza tu, nikalala?

Kwa hivyo wewe mwenye gari, ukisimama, zima. Shuka uangalie paipu imelala wapi. Baridi ikikuuma, jifunike blanketi. Na mtu akigonga kioo, hata ukiona hana maana, fungua mbishane.